Chumba cha rubani nyumbani: ukivaa miwani ya VR, jenga kwa ajili ya vidole

Kila wiki kuna mtu ananiuliza swali lilelile: “Kaka, nikitaka kurusha ndege kwenye kompyuta kama rubani kweli, nianze na nini?” Wengine huja wakiwa wameshaanza. Wamekata plaiwudi, wamechora dashibodi nzima ya ndege ndogo ya Cessna, wamebandika namba na maandishi kila kona, halafu wanatoa miwani ya VR, ile inayofunika macho yote na kukuonyesha dunia ya kompyuta, kwenye boksi ili niwaonyeshe namna ya kuiunganisha. Hapo inabidi niwaambie wasichopenda kusikia: ukishavaa miwani, dashibodi yako huioni. Unaiona ya ndege. Hata mikono yako huioni.

Kwa hiyo chagua kabla ya kushika msumeno. Kama utatumia sikrini, pamba dashibodi upendavyo. Kama utatumia VR, achana na rangi na vibandiko. Jenga vitu vichache, imara, vinavyotambulika kwa kupapasa, na uviweke palepale vilipo ndani ya ndege ya kwenye miwani. Mwongozo huu ni wa njia ya pili, na umeandikwa kwa vitu vinavyopatikana hapa Kigoma. Ndege ninayoifuata ni Cessna 172, kwa sababu imo karibu katika kila simuleta (programu ya kurusha ndege kwenye kompyuta) na matairi yake hayakunjwi, kwa hiyo huhitaji kujenga mkono wa kuyakunjia.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kompyuta. Kwa VR mimi simshauri mtu kadi ya picha yenye kumbukumbu chini ya GB 8. RAM iwe GB 32 ukiweza. GB 16 utasukuma nazo, lakini kwa shida.
- Miwani. Meta Quest 2 ya mkono wa pili inatosha kujifunzia. Quest 3 ina picha safi zaidi, na namba za kwenye saa za ndege husomeka bila kusogeza kichwa.
- Simuleta. X-Plane 12 au Microsoft Flight Simulator. Ipi inakula bando la intaneti, nitasema Hatua ya 8.
- Bodi moja ya Arduino Leonardo au Pro Micro, kibao kidogo cha umeme kinachosoma voliamu na vitufe na kuiambia kompyuta. SI Uno, sababu iko Hatua ya 7.
- Voliamu mbili za kuzungusha zilizoandikwa B10K, na voliamu tatu za kusukuma kama za kwenye mikseta ya muziki: moja ndefu ya mm 100, mbili za mm 60.
- Beringi tatu namba 6301, zile za gurudumu la pikipiki. Tundu lake ni mm 12, kwa hiyo bolti ya spana 19 inaingia sawasawa.
- Stadi ya mm 12 yenye hesi mwanzo hadi mwisho, nati na washa zake.
- Plaiwudi ya mm 18, reli mbili za droo za sentimita 30, mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, kipande cha mpira wa mafuta wa pikipiki.
- Vitufe kumi hivi, nyaya laini, pasi ya kuungia risasi na mita ya kupimia umeme.

Vya mbao na chuma vyote utavipata Mwanga, hapa hapa mjini Kigoma, kwa mafundi pikipiki na maseremala. Vya umeme, mfuate kwanza fundi redio aliye karibu nawe. Spika na mikseta mbovu zilizorundikwa kwake zina voliamu nzima tele. Bodi ya Arduino ndiyo mara nyingi nimelazimika kuagiza Dar, ikaja na basi.

Hatua ya 1: Kaa, pima, ndipo ukate

Chukua kiti kisicho na magurudumu. Ukikanyaga pedali kwenye kiti cha ofisi, kiti ndicho kitakachorudi nyuma. Kaa umenyooka, nyoosha miguu kama unayeendesha gari, na mtu akuwekee alama ya chaki sakafuni mahali visigino vinapotua. Pima kutoka kwenye paja hadi mikono inapojishikia yenyewe hewani. Andika vipimo hivyo viwili. Mwili wako ndio ramani. Vipimo vya mtu mwingine havitakusaidia.

Hatua ya 2: Pedali

Anza na pedali hata kama moyo unataka usukani. Ni kazi nyepesi zaidi, na ukiiharibu hasara ni ubao mmoja.

Kata kitako cha plaiwudi sentimita 60 kwa 40. Kata ubao wa kukanyagia wenye urefu wa sentimita 45. Katikati ya kitako toboa tundu la mm 37 na uzamishe beringi moja. Iingie kwa kugongwa na nyundo ya mbao, isiingie yenyewe. Pitisha bolti katikati ya ubao wa kukanyagia, ishuke hadi ndani ya beringi, kaza kwa nati mbili zinazobanana. Sasa ubao unazunguka kama mizani: mguu wa kulia ukienda mbele, wa kushoto unarudi.

Ubao urudi katikati wenyewe. Kata vipande viwili vya mpira wa baiskeli vinavyolingana kabisa, funga kimoja kila upande kutoka kwenye ubao hadi kwenye kitako. Visipolingana ndege itavuta upande mmoja siku zote na utadhani simuleta ni mbovu.

Juu ya bolti, mwambie fundi akuchomelee kipande cha msumari mnene wa mm 6, kisimame katikati kabisa ya kichwa cha bolti. Shina la voliamu nalo ni la mm 6. Viunganishe kwa kipande cha mpira wa mafuta cha sentimita 3, kisha ukaze kwa waya kila upande. Mpira huo unasamehe makosa: hata kama msumari umepinda kidogo, voliamu haivunjiki. Mwili wa voliamu ushikiliwe na daraja la ubao juu yake.

Tahadhari mbili. Weka vizuizi vya mbao ili ubao usizunguke zaidi ya nyuzi 20 kila upande. Na usipake mawese kwenye beringi. Nasema hivyo kwa sababu nimeyakuta kwenye pedali za kijana mmoja wa Ujiji. Yalikuwa yameganda, yamekusanya vumbi, na pedali zimekuwa nzito kama mlango wa kisanduku cha chuma. Grisi ya pikipiki, kidogo tu.

Hatua ya 3: Usukani

Tengeneza boksi dogo la plaiwudi. Ukuta wa mbele na wa nyuma uwe na beringi moja moja, zikitazamana. Pitisha stadi katikati ya zote mbili. Mbele ya stadi ndipo unapofunga usukani, ambao utaukata kutoka plaiwudi mbili zilizogundishwa na kulainishwa kwa msasa. Nyuma ya stadi funga voliamu ya pili ya kuzungusha, kwa mtindo uleule wa mpira wa mafuta.

Sasa boksi zima likae juu ya reli mbili za droo. Ukivuta usukani, boksi linakuja nawe, ukisukuma, linaondoka. Voliamu ndefu ya kusukuma igandishwe pembeni ya reli, na kidole chake kifungwe kwenye boksi. Mpira wa baiskeli uvute boksi kurudi katikati.

Kwa nini ya kusukuma? Arduino inasoma voliamu kwa hatua 1,024 kutoka mwanzo hadi mwisho. Voliamu ya kuzungusha huzunguka nyuzi 300 hivi. Ukiizungusha nyuzi 40 tu, unapata hatua zipatazo 136. Kwa pedali zinatosha. Kwa kupandisha na kushusha pua ya ndege hazitoshi: pua itaruka kama chura. Ya kusukuma unaitumia yote, mwanzo hadi mwisho.

Weka vizuizi usukani usipite nyuzi 90 kila upande. Bila vizuizi, siku utakayoshtuka angani utaikata voliamu.

Hatua ya 4: Gesi na mchanganyiko wa mafuta

Katika Cessna 172 gesi ni kifimbo cha kusukuma na kuvuta, na pembeni yake kipo kifimbo cha mchanganyiko wa mafuta na hewa. Voliamu mbili za mm 60 zinafanya kazi hiyo bila hesabu nyingi. Zilaze ndani ya boksi, funga kila moja kwa kifimbo cha chuma kinachotokeza mbele.

Kabla hujaigandisha, ipime kwa mita. Voliamu nyingi za mikseta ni za sauti na hazipandi sawasawa. Weka kidole cha voliamu katikati kabisa: ya ohm elfu kumi ikisoma karibu na elfu tano, ichukue. Ikisoma elfu moja au mbili, mrudishie fundi redio.

Hatua ya 5: Vitufe vya kupapasa

Hapa ndipo watu hupaka rangi. Wewe chukua gundi.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia marubani wa Marekani wa ndege za mabomu za B-17 walikuwa wakitua salama, halafu wakiwa chini wanakunja matairi badala ya flapsi (vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua). Swichi mbili zilifanana na zilikaa pamoja. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis aliona tatizo haliko kwa marubani. Swichi ya matairi ikapewa umbo la gurudumu na ya flapsi umbo la bawa. Hadi leo maumbo hayo yamo kwenye ndege. Rubani wa B-17 alikuwa na macho yake wazi na bado alikosea. Wewe umefunikwa uso.

Kwa hiyo kila kitufe kiwe na sura yake mkononi. Cha breki nimekigandishia kifuniko cha dawa ya meno. Cha kuweka picha katikati, yaani kurudisha mtazamo wa miwani mbele yako, kina punje moja ya mchele chini ya gundi. Flapsi zina swichi ya kusukuma juu na chini yenye kibao bapa. Kifimbo cha mchanganyiko kina kichwa chenye mikunjo, cha gesi ni laini, kama ilivyo kwenye ndege yenyewe. Vitufe viachane angalau upana wa vidole viwili.

Vitufe kumi vinatosha: breki, flapsi juu na chini, trimu (ya kuishikilia pua ya ndege isipande wala kushuka) juu na chini, picha katikati, kusitisha, redio, taa, na kimoja cha akiba.

Hatua ya 6: Nyaya

Kila voliamu ina miguu mitatu. Wa pembeni mmoja unaenda kwenye volti 5 za bodi, wa pembeni mwingine unaenda kwenye GND (hasi ya bodi), wa KATIKATI unaenda kwenye tundu la kusomea, A0 na wenzake. Ukikosea ukapeleka volti 5 kwenye mguu wa katikati, siku utakapozungusha hadi mwisho umeme utapita moja kwa moja hadi GND. Utasikia harufu kabla hujaona moshi. Kwenye voliamu za kusukuma miguu huwa haijapangwa hivyo siku zote. Itafute kwa mita kwanza.

Kitufe kina miguu miwili tu: mmoja GND, mwingine kwenye tundu la bodi. Hakuna haja ya kitu kingine, bodi ina ukinzani wake wa ndani. Utauwasha kwenye programu.

Pro Micro ina ugonjwa mmoja: tundu lake la USB hung'oka kirahisi. Ukishachomeka waya, zungushia gundi ya moto na uufunge waya kwenye ubao, ili mtu akijikwaa avute ubao, asivute bodi.

Hatua ya 7: Ifanye kompyuta iione kama jostiki

Leonardo na Pro Micro zina chipu ya ATmega32U4, ambayo inaweza kujitambulisha kwa kompyuta kama jostiki, yaani kifaa cha kuongozea michezo. Uno ya kawaida yenyewe haiwezi. Hii ndiyo hasara ninayoiona mara nyingi kuliko zote: mtu ananunua Uno kwa sababu ndiyo iliyopo dukani, halafu anahangaika wiki mbili.

Pakua Arduino IDE (programu ya kuandikia bodi maelekezo), ongeza maktaba ya maelekezo yaliyo tayari iitwayo Joystick iliyotengenezwa na Matthew Heironimus, fungua mfano wake mmoja na uurekebishe: mihimili mitano (kila voliamu ni mhimili mmoja), vitufe kumi. Kwenye Windows andika joy.cpl kwenye sehemu ya kutafuta. Dirisha litafunguka. Zungusha, kanyaga, bonyeza. Kila kitu kisogee huku ukitazama. Usifungue simuleta kabla hapa hapajakaa sawa.

Hatua ya 8: Miwani na bando

Swali la bando nimeulizwa mara nyingi kuliko la ndege zenyewe. Ukiunganisha Quest kwa Wi-Fi, picha inatoka kwenye kompyuta yako kwenda kwenye ruta yako hadi kwenye miwani yako. Haitoki nje ya nyumba na haili bando. Kinachokula bando ni Microsoft Flight Simulator, kwa sababu huvuta picha za ardhi mtandaoni ukiwa unaruka. Toleo la 2024 huvuta zaidi kuliko la 2020. X-Plane unaipakua ardhi mara moja, na unachagua maeneo unayotaka tu. Mimi kwa hali ya bando hapa natumia X-Plane.

Ruta iwe ya 5 GHz, ikae chumba kimoja nawe, na kompyuta iunganishwe nayo kwa waya. Kama huna ruta ya namna hiyo, nunua waya wa USB 3 mrefu. Usitumie wa kuchajia simu.

Anza na mipangilio ya chini na 72 Hz, yaani picha 72 kwa sekunde. Punguza mawingu na vivuli kwanza, halafu ongeza kimoja kimoja. Picha inayokwenda laini na iliyofifia kidogo ni bora kuliko nzuri inayokwama, kwa sababu inayokwama ndiyo inayotapisha.

Usiache miwani dirishani. Lenzi zake hukusanya jua na kuchoma sikrini ndani. Dakika chache za jua letu la mchana zinatosha.

Hatua ya 9: Linganisha mbao na picha

Hapa usiwe na haraka, ndipo utamu wote ulipo. Kaa, vaa, bonyeza kitufe chenye punje ya mchele. Ndani ya miwani tazama usukani wa ndege, peleka mikono pale unapouona. Umeshika plaiwudi? Kama mkono umepita juu yake, usukani wako uko chini mno. Inua miwani, sogeza, vaa tena. Mimi nilifanya hivyo jioni nzima, nikiwa na vipande vya plaiwudi vya kuinulia na chaki sakafuni.

Ukimaliza usukani, fanya gesi. Fumba macho ndani ya miwani, peleka mkono kwenye gesi mara ishirini. Ukikosa zaidi ya mara mbili, sogeza boksi. Kisha funga kila kitu kwa skrubu na uchore miguu ya kiti sakafuni, maana kiti kikisogea sentimita tano kazi yote imeharibika.

Hatua ya 10: Ruka

Dakika kumi za kwanza, basi. Ukihisi mate yanajaa au jasho la ghafla, vua saa hiyohiyo, usivumilie. Feni ikupulize usoni.

Anzia uwanja wa Kigoma na uzunguke karibu nao. Ziwa liko magharibi, na mstari wa maji unakupa upeo mzuri wa kujua kama mabawa yako sawa. Ukishatua mara kumi bila kuvunja, nenda Tabora: kama kilomita 350 hewani, karibu saa moja na dakika arobaini kwa Cessna. Huhitaji ramani, fuata reli kupitia Uvinza, Kaliua na Urambo. Kumbuka hata usawa wa ziwa ni mita 773 juu ya bahari, na Tabora iko juu zaidi, kwa hiyo hewa ni nyepesi. Vuta kifimbo cha mchanganyiko kidogo kidogo unapopanda ili mafuta yapungue, la sivyo injini itakosa nguvu.

Yakikukwama

Mhimili unatetemeka bila kuguswa. Mara nyingi ni risasi haijashika vizuri kwenye GND. Unga upya. Ukiendelea, voliamu imechafuka. Mwambie fundi redio aipulizie dawa ya kusafishia.

Mhimili unakwenda kinyume. Badilishana waya mbili za pembeni, au geuza kwenye simuleta. Usifanye vyote viwili.

Bodi haionekani kabisa. Badilisha waya wa USB kwanza. Nyaya nyingi za simu za bei nafuu hupitisha umeme tu, data hazipitishi.

Ndege inavuta kushoto wakati wa kuruka. Huo si ubovu. Propela inaivuta, kanyaga mguu wa kulia.

Picha ni ya ukungu upande mmoja. Umbali wa lenzi haulingani na macho yako. Quest 2 ina nafasi tatu, mm 58, 63 na 68, jaribu zote. Kama ukungu uko pande zote mbili na umetoka nje kwenye joto, subiri dakika tatu miwani ipate joto la uso.

Umeme unakatika ukiwa karibu kutua. Hili halina dawa ya programu. UPS ndogo (betri inayoishika kompyuta umeme ukikatika) itakupa dakika za kutua na kuzima. Kama huna, hifadhi safari kila baada ya robo saa, na ruta nayo iwe kwenye UPS hiyohiyo, maana kompyuta ikibaki na ruta ikizimika, miwani inabaki giza huku ndege inaendelea kushuka.